Kuzuru Kisiwa cha Toten kutoka Tanga: Namna ya Kupanga Safari kwa Maji Kujaa na Kupwa

Anayesimama katika Bustani ya Jamhuri mjini Tanga na kuelekeza macho bandarini huona kisiwa kidogo kilichofunikwa na miti, kilichozungukwa na mikoko, na kilicho karibu mno na mji hata mgeni hujiuliza kwa nini watu hawaendi huko kila jioni. Hicho ndicho Toten. Ndani ya vichaka vyake yamo magofu ya msikiti ambao umri wake haupungui karne ya 17, pamoja na makaburi ya karne ya 18 na ya 19, na vigae vya vyombo vilivyookotwa huko vimeonyesha kwamba huenda watu walikwisha kufika na kukaa tangu karne ya 15. Mwishoni mwa karne ya 19 wakazi wa mwisho walihamia bara, kisiwa kikabaki mahame, na Wajerumani wakakiita kwa neno lao lenye maana ya wafu. Jina hilo ndilo tulilonalo hadi leo, ingawa mimi husikitika kila nilitajapo, kwa kuwa waliolala pale walikuwa na jina la mji wao kabla ya Mjerumani kufika, na mji wenyewe wa Tanga wa leo ni mtoto wa makazi kama yale.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kila mwaka ndugu na marafiki wanaotutembelea huuliza namna ya kufika huko, na wengi wao hukosea jambo moja tu, ambalo ni kuipanga safari kwa saa ya ukutani. Toten haina kivuko cha ratiba kama kile cha Pangani kinachovusha watu na magari kwenda Bweni. Chombo unakitafuta mwenyewe, unapatana na nahodha, kisha saa ya kuondoka na saa ya kurudi hupangwa na maji. Ukilielewa hilo, mengine yote ni mepesi.

Kufika Tanga

Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita kama 350 kwa barabara ya Chalinze hadi Segera, ambapo njia ya Tanga huchepuka kuelekea mashariki na kupita Muheza. Mabasi hushusha abiria katika stendi ya Kange, nje kidogo ya mji, na kutoka hapo daladala na bajaji huingia mjini mchana kutwa. Lala Tanga usiku mmoja kabla ya safari ya kisiwani. Watu husema kwamba Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini anayefika saa saba mchana kwa basi na kutaka kuvuka siku iyo hiyo atakuta ama maji yamemkimbia ama upepo wa mchana umekwisha kuchafua bahari.

Siku hiyo ya kwanza itumie kwa mambo mawili. La kwanza ni kupita katika makumbusho ya Urithi, yaliyo ndani ya Boma la zamani la Wajerumani, ambako zipo picha za kale za mji na bandari. Ukizitazama kwa makini, utakivuka kisiwa kesho yake ukijua upande gani palikuwa na nini. Huko pia ndiko mahali pazuri pa kuulizia mtu wa kukuongoza, kwa maana magofu ya Toten hayana njia zilizofagiliwa wala vibao vya maelezo, na mgeni asiye na kiongozi anaweza kuzunguka vichakani saa nzima akatoka bila kuona ukuta hata mmoja.

La pili ni kwenda Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa mji katika barabara ya Pangani. Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa Toten aanze na Tongoni. Huko magofu yako wazi, hayakufunikwa na msitu, na yako makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa mawe na chokaa kandokando ya msikiti, mengine yakiwa na nguzo zilizosimama au zilizoanguka. Mji huo, uliojulikana zamani kwa jina la Mtangata, ndio ambao meli za Vasco da Gama ziliupitia mwaka 1498, wakati moja ya meli zake iitwayo São Rafael ilipokwama katika mafungu ya karibu, na mwaka 1499 walipokuwa wakirudi kutoka India meli hiyo hiyo ikachomwa moto papo hapo kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Ukitazama nguzo za Tongoni utaona vishimo vya mviringo ambamo zamani vilikazwa vyombo vya kauri kutoka nchi za mbali, kisha vikang'olewa na watu. Macho yaliyokwisha kujifunza umbo la kaburi la nguzo, unene wa ukuta wa matumbawe na rangi ya lipu ya chokaa iliyozeeka ndiyo yatakayokusaidia kesho yake, utakapokuwa umesimama mbele ya kichaka na kiongozi anakuambia kwamba hapo ndipo penyewe.

Maji kwanza, kalenda baadaye

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyopwa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu, siku zinazofuata nusu ya mwezi, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Haya si mambo ya wavuvi peke yao. Kisiwa kimezungukwa na mikoko na tope, na maji ya bamvua yakitoka, chombo kinachoweza kusogea hadi ukingoni saa mbili zilizopita hubaki kimelala ubavu juu ya matope, na abiria hana budi ama kusubiri ama kutembea katika tope linalomeza mguu hadi gotini.

Kanuni niitumiayo mimi ni hii. Katika siku za bamvua maji ya pwani hii hujaa alfajiri na tena alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja au karibu na hapo, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati ule ule ambao wageni wengi wangependa kuwa kisiwani. Katika siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, wala hayaendi mbali yanapopwa. Kwa hiyo chukua kalenda ya Kiislamu, ambayo katika nyumba nyingi za Tanga imetundikwa ukutani, utafute tarehe 6 hadi 8 au tarehe 21 hadi 23 za mwezi, na safari yako uipange katika siku hizo. Kisha thibitisha saa kamili kwa majedwali ya maji ya bandarini, au kwa njia iliyo rahisi zaidi, yaani kwa kumuuliza nahodha yeyote pwani, ambaye atakujibu bila kutazama karatasi.

Ondoka ukiwa na saa moja na nusu hivi kabla ya maji kujaa kabisa, na uwe umerudi chomboni kabla saa mbili hazijapita tangu yaanze kutoka. Muda huo unatosha kuzunguka magofu bila haraka. Nasema hivi kwa kuwa safari yangu ya kwanza ya kumpeleka mjomba wangu, aliyetoka Korogwe na hakuwa amepata kuingia baharini maishani mwake, niliipanga siku ya pili ya mwezi mpevu bila kumuuliza mtu. Tulifika maji yakiwa yanatoka. Nahodha, mzee mpole wa makamo ya baba yangu, aliniambia mara mbili, "Mwanangu, maji haya ni ya bamvua, hayangoji," nami nikajibu kwamba tutazunguka haraka. Tuliporudi ukingoni, mashua ilikuwa imekaa juu ya tope, na maji yalikuwa mstari mwembamba unaong'aa kwa mbali. Tulikaa kivulini mwa mikoko hadi alasiri, na chakula chote tulichokuwa nacho ni machungwa manne ya Muheza. Mjomba hakulalamika hata kidogo. Alisema kwamba amewaona kaa wengi kuliko alivyowahi kuwaona watu sokoni. Lakini mtu mzima wa umri wake hakustahili kukalishwa juani saa zote zile kwa uzembe wa mpwawe, na tangu siku hiyo sijaondoka pwani bila kujua tarehe ya mwezi.

Kuhusu majira, miezi ya Januari na Februari, wakati kaskazi imetulia, ni mizuri, na vilevile Septemba na Oktoba, kusi inapokuwa imelegea na vuli bado haijashika. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, na ingawa ghuba ya Tanga imekingwa vizuri, vyombo vidogo hurushiwa maji na abiria hufika wameloa. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, vichaka vya kisiwani huwa vimefunga kabisa. Katika majira yote, asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa kuwa upepo wa umande utokao nchi kavu ni mwepesi, na ule wa baharini huongezeka nguvu kadiri jua linavyopanda. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja upepo mkali na mawimbi kila yanapotarajiwa. Zisikilize usiku wa kuamkia safari, na kama onyo limetolewa, ahirisha.

Kibali, chombo na nahodha

Toten imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, ambayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 552 na hufuata pwani kwa takribani kilomita 100, ikijumuisha pia visiwa vya Yambe na Karange. Hifadhi hiyo imepewa jina la samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za mijusi wakubwa, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye kuanzia miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga walianza kumnasa katika majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Silikanti huishi chini sana, kwenye miamba yenye giza, kwa hiyo usitarajie kumwona safarini. Lakini ni kwa ajili yake na kwa ajili ya matumbawe na mikoko kwamba kuna ada na kanuni za kuingia katika eneo hili.

Ada hubadilika na hutofautiana kati ya Mtanzania, mgeni mkazi na mgeni kutoka nje, kwa hiyo uliza ofisi ya hifadhi siku mbili tatu kabla, uje na kitambulisho chako, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali ili upate risiti. Usimpe mtu fedha taslimu pwani kwa maelezo kwamba atakulipia. Risiti hiyo iweke ndani ya mfuko wa plastiki mgumu pamoja na simu.

Chombo hupatikana katika pwani za wavuvi kama Deep Sea, soko la samaki la mji, au Sahare. Nenda mwenyewe jioni ya kuamkia safari, wakati vyombo vimerudi na watu wamekaa. Amkia wazee kwa shikamoo kabla ya kueleza shida yako, maana pwani ya wavuvi ni mahali pa kazi na pa heshima, na anayeingia akiuliza bei kabla ya salamu huuziwa kwa bei ya mtu asiye na salamu. Ukishaelekezwa kwa nahodha, patana naye nauli ya chombo kizima, si ya kila kichwa, iwe ya kwenda, kusubiri na kurudi, na mkubaliane waziwazi ni saa ngapi atasubiri. Lipa sehemu ya kwanza ya mafuta kama atahitaji, iliyobaki ulipe mkiwa mmerudi salama.

Kitazame chombo kabla ya kukubali. Mashua yenye mashine inafaa kuliko ngalawa kwa familia yenye watoto au wazee, kwa kuwa ina upana na ukingo ulioinuka. Uliza kama ina leseni ya kubeba abiria inayotolewa na TASAC, yaani shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na uombe kuyaona majaketi okozi yenyewe kwa macho yako, uyahesabu, ujaribu mikanda yake. Mtoto apate jaketi la kimo chake. La mtu mzima humpanda usoni na kumvuka kichwani akiingia majini. Kama nahodha atakuambia kwamba majaketi si lazima kwa sababu kisiwa ki karibu, mshukuru kwa adabu na utafute mwingine. Najua wapo manahodha hodari waliovuka ghuba hii maisha yao yote bila jaketi, na siwavunjii heshima, lakini wao wanajua kuogelea katika mkondo na wewe hujui.

Mavazi yawe suruali ndefu au gauni juu ya suruali, na mikono iliyofunikwa, kwa sababu vichakani kuna miiba, kuna siafu, na baada ya masika kuna upupu. Miguuni vaa viatu vya kufunga, vya mpira, ambavyo havitakusikitisha vikiingia tope. Makubadhi na ndala huvutwa na matope na kubaki humo. Beba maji ya kunywa ya kutosha, kwa kuwa kisiwani hakuna duka wala bomba, na chakula kisichoharibika kwa jua. Mimi hubeba mkate wa ajemi, tende, mihogo ya kuchemsha na machungwa. Usisahau mfuko wa kurudishia taka, maganda yakiwemo.

Kuvuka

Safari yenyewe ni fupi, hata kwa mashine ndogo haimalizi nusu saa, lakini si ya kupita ukiwa umeinamia simu. Mkitoka pwani, nahodha atajihadhari na njia ya meli kubwa zinazoingia gatini. Mwache afanye kazi yake, wala usimhimize akate njia. Upande wa mashariki utaiona Raskazone, ambako mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza lenye askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka kuja kuuteka mji, likashindwa na jeshi la Wajerumani la askari kama 1,000 lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwauma askari kiasi kwamba mapigano yale yakaitwa Vita vya Nyuki. Kutoka baharini ndipo utakapoelewa jinsi mwinuko wa ufuo ulivyowatesa waliokuwa wakishuka.

Mnapokaribia kisiwa, nahodha atazima au kupunguza mashine na kuingia kwa mti wa kusukumia. Hapo ndipo mikoko huonekana kwa karibu: mkoko wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa, mchu wenye mizizi midogo iliyochomoza topeni ikielekea juu kama vijiti vilivyochongwa, na mlilana unaosimama mbele kabisa kwenye maji. Usishike mizizi kwa mkono mtupu unaposhuka, kwa sababu chaza walioganda juu yake hukata ngozi kama kioo. Kama mtashukia majini, buruta miguu yako badala ya kuinua na kukanyaga, ili taa aliyelala mchangani apate kuondoka kabla hujamfikia. Wapenda ndege wakae chomboni dakika chache zaidi kabla ya kushuka, kwa kuwa mdiria na yangeyange hutulia kwenye matawi ya nje maadamu mashine imezimwa, na kuanzia Septemba hadi Aprili huonekana pia ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wakitafuta chakula topeni.

Kuyaona magofu

Mkifika ndani, simameni kwanza kimya. Macho yanahitaji muda kuizoea nusu giza ya vichaka, na ukuta wa kale uliopandwa na mizizi hufanana na mwamba wa kawaida hadi utakapouona mstari ulionyooka. Mistari iliyonyooka ndiyo ya kutafuta.

Kwetu Tanga kibla ni karibu kaskazini halisi, kwa kuwa Makka iko katika mstari mmoja nasi, imesogea mashariki kidogo tu. Kwa hiyo chukua dira ya simu yako, ujue kaskazini ni wapi, kisha utafute ukuta wa upande huo: huo ndio ukuta wa kibla wa msikiti wowote wa kale katika eneo hili, na ndipo mahali pa mihirabu, yaani kidaka cha ukutani anachokielekea imamu anaposwalisha. Vivyo hivyo kwa makaburi. Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla, na hapa kwetu maana yake ni kwamba kaburi hulala kwa urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi. Ukiona mawe yaliyopangwa kwa mstari mrefu wa namna hiyo chini ya majani, hata kama hakuna nguzo wala maandishi, zunguka, usipite juu yake. Hili nimewafundisha watoto wangu kabla ya jambo lingine lolote, na wao sasa huwa wa kwanza kuyaona makaburi ambayo watu wazima wangeyakanyaga.

Tazama jengo lenyewe kwa karibu. Mawe ni ya matumbawe, na ukisogeza uso utayaona matundu madogo yenye umbo la nyota au la sega la nyuki, nyumba za vijidudu vya bahari vilivyokufa karne nyingi zilizopita. Yale magumu yalichimbwa nchi kavu na kutumiwa kwa kuta. Yale mororo yalitolewa baharini na kuchongwa yakiwa bado mabichi, kwa ajili ya mihirabu, miimo ya milango na mapambo. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha ikalowekwa na kuachwa ipoe kabla ya kutumiwa. Paa lilibebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vya majengo ya kale ya Waswahili huwa vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Ukiona ukuta umepasuka, fuata ufa kwa macho kuelekea juu, mara nyingi utakuta mzizi umeingia na unausukuma. Usiung'oe. Mzizi huo huo uliopasua ndio unaoshikilia mawe yasianguke, na kuuondoa ni kazi ya mafundi wanaojua kuufunga ukuta kwanza.

Safari yangu ya mwisho nilipiga magoti mbele ya kigae kimoja kilichokuwa kimechomoza kwenye udongo baada ya mvua, hakikuzidi ukucha wa kidole gumba, cheupe chenye mstari mmoja wa samawati uliochorwa kwa mkono, na ukingoni mwa mstari rangi ilikuwa imetandaa kidogo, kama wino kwenye karatasi yenye unyevu. Kipo mahali pale pale hadi leo, kwa mategemeo yangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba na kuchukua vitu vya kale bila kibali, lakini hata kama sheria isingekuwapo, kigae kina maana pale kilipo tu: kina chake ardhini na vitu vilivyo jirani yake ndivyo vinavyomweleza mtaalamu kililetwa lini na kilitumiwa na nani. Kikishaingia mfukoni mwa mtu kinakuwa kipande cha sahani. Ukipenda kumbukumbu, piga picha ukiweka sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane.

Hapa ni makaburini, na adabu ya makaburini ndiyo inayotawala. Waislamu watatoa salamu kwa watu wa makaburi na kusoma dua. Asiye Mwislamu anyamaze tu, inatosha. Asikae mtu juu ya kaburi wala juu ya ukuta, chakula kiliwe ukingoni karibu na chombo, na muziki ubaki mjini. Ukikuta chetezo, kitambaa au chupa ya marashi mahali fulani, ujue kuna mtu amekuja na haja yake, na si kazi yako kukigusa, kukipiga picha wala kukitolea maoni. Ndege isiyo na rubani huhitaji kibali kabla ya kurushwa, na bandari iko jirani, kwa hiyo iache nyumbani.

Wanaotaka mchanga mweupe na kuogelea wasije Toten, watavunjika moyo bure. Wamwombe nahodha awapeleke kwenye fungu la mchanga siku nyingine.

Kurudi

Nahodha akiita, nenda. Hesabu watu, hesabu majaketi, rudisha taka zote. Mkifika pwani, mmalizie nahodha haki yake pale pale mbele ya wenziwe, na kama amewangoja zaidi ya mlivyopatana, muongeze bila kuombwa. Kisha oga na ufue nguo kwa maji baridi siku hiyo hiyo, kabla chumvi na tope la mikoko havijakaukia.

Kabla ya kuondoka Tanga, pita tena Urithi ukiwa na picha zako. Ukuta ulioanguka upya, mti ulioegemea kaburi, shimo lililochimbwa na watu usiku, vyote hivyo wa kwanza kuviona huwa ni mgeni aliyefika juzi, kwa kuwa kisiwani hakuna anayelala. Waonyeshe picha, uwatajie siku na upande wa kisiwa ulikokuwa, na uwaachie nakala.